Mzani wa Bwana Lishe

Jumatatu, 4 Machi 1996

Wewe uliyefungua daftari hili bila kuitwa, nakuomba ulifunge. Kama umeshaanza kusoma, basi usimwambie mtu. Si Katibu wa chama, si Mama, na zaidi ya wote si Shangazi. Humu naweka yale ninayoshindwa kuyasema kwa mdomo, na kazi yangu naishikilia kwa kucha. Tafadhali.

Leo kama kawaida. Kufungua ghala la chama cha ushirika, kufagia, kufuta vumbi kwenye mzani. Hakuna kahawa ya kupima. Msimu bado, na hata ukifika, nusu ya wakulima watawauzia wanunuzi binafsi wanaofuata kahawa hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani. Makarani wenzangu wamepunguzwa. Nimebaki mimi. Katibu akikohoa tu, nadhani ananiita kuniachisha kazi.

Mchana kaniita kweli. Hakuniachisha. Ghala limepata mpangaji, kasema. Kila Jumatano mpaka kahawa irudi. Mpangaji anataka mabenchi, anataka mzani, na anataka mtu wa kuusoma.

Ni yule wanayemwita Bwana Lishe, aliyetokea mji wa Mkuu. Zamani alikuwa mpishi wa hoteli mjini. Hoteli ikauzwa, mwenye mali mpya akaja na wapishi wake. Sasa anaponya kisukari, kifua kikuu na saratani. Kwa uji.

Nina cheti cha kidato cha sita. Nilisoma baiolojia. Nilimjibu Katibu, "Sawa, mzee."

Jumatano, 6 Machi

Ghala limejaa kuliko mkutano mkuu wa chama. Joto kali, mabati yanalia. Watu wamekaa hadi juu ya magunia matupu.

Lazima nikiri Bwana Lishe anajua kuongea. Alianza na jambo ambalo kila mtu humu analijua. Mwanamke akijifungua anatoka amekwisha. Hana damu, hana rangi. Je, tunampeleka akadungwe? Hapana. Tunamfungia ndani, mama mkwe anamlisha mtori wa ndizi na nyama, anamnywesha mlaso, damu iliyokorogwa na maziwa na samli. Haguswi na kazi, haonwi na mwanamume. Miezi mitatu ikiisha anatolewa sokoni anang'aa, kiuno kimejaa. "Hata mumewe anauliza huyu ni nani," kasema. Kina mama wakacheka mpaka wakapigana mabega.

Halafu akashusha sauti. Mwili ni uleule. Kinachomfufua mzazi kinamfufua mgonjwa. Wazee wetu walijua, sisi tukadharau. Yeye amekichukua chakula cha mzazi, amekikausha, amekisaga, amekitia kwenye mfuko. Sharti ni moja. Ukianza lishe, weka dawa za hospitali kando, kwa sababu dawa na chakula hugombana tumboni.

Mzazi hana kisukari. Mzazi ana njaa na uchovu. Nilitaka kulisema hilo. Badala yake niliusogeza mzani.

Wakapanda mzanini, mmoja mmoja, na mimi nikatangaza kilo. Wengine walishapimwa mwezi uliopita kule alikotoka, wana karatasi. Mzee mmoja ameongezeka. Bwana Lishe akasema, amepona. Makofi. Mama mmoja amepungua. Bwana Lishe akasema, uchafu unatoka. Makofi tena.

Nimerudi nyumbani nawaza hilo. Akiongezeka amepona, akipungua anapona. Basi mzani wa nini? Hata kahawa ina kiwango cha kukataliwa.

Kingine kinaniudhi zaidi. Miaka yote wakulima hawa hawa wananibishia mshale wa mzani. Wanainama, wanausoma wenyewe, wananiita mwizi mbele ya watoto wao. Leo hakuna aliyeinama.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi kaja. Dada mkubwa wa marehemu Baba. Katika nyumba hii Shangazi akisema, imesemwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona na wewe umekonda? Au siku hizi chama kinawasaga makarani badala ya kahawa?"

Nilicheka kwa adabu. Baadaye nikagundua amekuja kwa ajili ya Upendo.

Upendo ni mdogo wangu. Ana miaka kumi na sita na kisukari kile kinachoanza utotoni, kinachotaka sindano ya insulini asubuhi na jioni, siku zote za maisha. Chupa ya dawa tunaiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mtungi wa maji, ipate ubaridi. Amerudishwa kutoka bwenini kwa sababu alianguka darasani, na kwa sababu wenzake wanaogopa sindano zake.

Shangazi alikaa anamtazama anavyochemsha bomba la sindano kwenye sufuria ndogo. Akasema mtoto wa kike anajidunga kama ng'ombe wa chanjo, na nani atakuja kuposa hapa. Upendo akaendelea kuchemsha. Mama akatazama chini.

Sikupenda Mama alivyotazama chini.

Jumatano, 13 Machi

Mvua imeanza. Njia ni tope tupu.

Shangazi kamleta Upendo ghalani. Kampandisha kwenye mzani wangu. Niliusoma mshale, nikausoma tena. Amepungua toka kliniki ya mwisho. Nikatangaza. Bwana Lishe akasema, mnaona, uchafu umeanza kutoka kabla hajaonja hata kijiko. Kicheko. Upendo alikuwa anazitazama ndala zake.

Watu walipotawanyika nikamfuata yule mtu. Nikamwomba kwa heshima zote anionyeshe mtu mmoja tu wa kisukari aliyeacha dawa akapona. Hakukasirika. Akanishika bega kama mwanawe. "Shuka Chekereni, karani. Uliza Mama Sakina, muuza mchele. Alikuwa wa kuchimbiwa kaburi."

Haya. Jumamosi nitashuka.

Ijumaa, 15 Machi

Nimetoka kazini nikakuta kitanda cha Upendo kimetandikwa. Chupa imo mtungini. Bomba la sindano limo kwenye kabati, kavu.

Shangazi amemchukua kwake. Amemfungia chumba cha ndani kama mzazi. Mtori, mlaso, uji wa Bwana Lishe. Hakuna mgeni, hakuna sindano. Mpaka anenepe.

Nilimfokea Mama. Sijawahi kumfokea Mama. Alijibu bila kupandisha sauti kwamba Baba alifia hospitali akiwa na dripu mkononi, na hakuna aliyewahi kuniambia mtu ameuawa na mtori. Jibu lipo, lakini ni refu, na yeye alikuwa analia.

Nikachukua chupa na bomba, nikapanda kwa Shangazi. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi. Hakunipisha.

"Mwanamume haingii kwa mzazi."

"Hajazaa, Shangazi."

"Anazaliwa yeye mwenyewe. Rudi kwenu, mwanangu, utamtia mkosi."

Nikarudi. Hivyo tu. Mwanamume mzima na dawa mkononi, nikageuzwa na mama mwenye kisu cha ndizi. Ningeweza kumpita kwa nguvu pale mlangoni. Sikufanya. Nina hasira naye, nina hasira na yule mpishi, na miguu yangu iliyogeuka yenyewe nayo naichukia.

Jumamosi, 16 Machi

Chekereni. Huku chini jua linawaka kama vile hakuna mvua mlimani. Mashamba ya mpunga, maji kwenye mifereji, mbu. Mama Sakina anajulikana na kila mtu. Mnene, mcheshi, ana kibanda cha mchele kando ya barabara. Alidhani nimekuja kununua.

Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mimi? Niache vidonge? Nani kakwambia, baba?"

Akaingia ndani akaniletea kopo. Vidonge vya sukari, vya mwezi huu. Anameza kila siku. Uji wa Bwana Lishe alikunywa kweli, aliupenda, unashiba. Alipimwa, akaulizwa anajisikiaje, akasema Alhamdulillahi. Hakuna aliyemuuliza kama bado anameza vidonge. Na sukari yake, akasema, ni ya ukubwani, hajawahi kudungwa sindano hata moja.

"Kwani kuna mtu ameacha?" akaniuliza. Alipoona uso wangu akalirudisha kopo ndani. Akanifungia mchele kidogo, akasisitiza niupokee.

Nimeupanda mlima huo nikisema maneno peke yangu kama kichaa. Huyo ndiye shahidi wake mkuu. Mtu aliyepona ni mtu anayemeza dawa.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada nilimwambia Shangazi yote, mbele ya Mama, pale penye ngazi za kanisa. Shangazi akasema huyo mama wa Chekereni hana shukrani. Kunywa uji wa mtu halafu kusifia vidonge.

Lakini safari hii Mama hakutazama chini.

Jumanne, 19 Machi

Niliaga kazini kwamba tumbo linaniuma. Uongo. Nikapita migombani hadi nyuma ya nyumba ya Shangazi, kwenye dirisha la chumba cha ndani. Nikagonga ubao. Upendo akaufungua kidogo.

Nilikuwa na chupa na bomba lililochemshwa, nimelifunga kwenye leso safi. Nikampa. Hakupokea.

"Kaka, niache nijaribu."

Nikamwambia atakufa. Akasema sauti yangu iko juu, Shangazi atasikia. Akasema hajachoka kuishi, amechoka sindano. Akasema huku ndani hakuna anayemtazama kama mgonjwa, wanamwita mzazi, wanamtania, wanampaka mafuta. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka. Katikati ya maneno aliinama akanywa maji kwenye ndoo, akanywa, akanywa. Halafu akafunga ubao.

Hata ningejua kumbishia Shangazi, nisingejua kumbishia yeye. Hilo ndilo Bwana Lishe anauza. Unga ni kisingizio. Anauza siku ambayo hutadungwa.

Nimelala na viatu.

Jumatano, 20 Machi

Ghalani. Leo wote wameongezeka. Wote. Makofi hayakukatika. Nimetangaza kilo kwa sauti ya mtu mwingine.

Kuna kitu mzanini hakijakaa sawa, na mzani wenyewe ni mzima, nimeukagua kwa jiwe lake la uzito. Nitakitafuta. Leo siwezi kufikiri.

Alhamisi, 21 Machi

Yuko hai. Nitaandika kesho.

Ijumaa, 22 Machi

Kwenye benchi la hospitali, mjini. Wodini hawaruhusu tukae.

Jana asubuhi Shangazi aliingia ofisini kwa chama anatabasamu. Mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu mazishi ya Baba. Alikuja kuniambia nijue kwamba nilikosea. Upendo amekataa chakula tangu usiku, anatapika kidogo, lakini huo ni uchafu wa mwisho. Na pumzi yake inanukia ndizi mbivu. Chumba kizima kinanukia, kama pipa la mbege, pombe ya ndizi, linapoanza kuchacha. Lishe imeingia kwenye damu, akasema. Majirani wamekuja kunusa mlangoni na kumshukuru Mungu.

Siku Upendo alipoanza sindano, nesi wa kliniki alitukalisha mimi na Mama. Alituambia mambo mengi, nimesahau mengine. Hili sikulisahau. Mgonjwa wa sindano akinuka matunda, akahema kwa nguvu kama aliyepanda mlima, msisubiri kuche. Insulini ikikosekana mwili unaanza kuyachoma mafuta yake wenyewe, na harufu ile ni ya sumu inayobaki. Inaua.

Wao walinusa sumu wakasikia ndizi. Wamelelewa kwenye harufu hiyo, ni ya sherehe, ya mahari, ya kila jambo jema. Wangejuaje? Lakini yule mtu aliwaambia wanuse. Shangazi kanieleza: ni Bwana Lishe aliyewatabiria kwamba chakula kikikolea pumzi itabadilika. Kwa hiyo ameshaiona kwa mwingine. Ameiona, na akaigeuza kuwa alama ya kupona. Nikimfikiria, mkono unabana kalamu.

Nilitoka mbio. Sikumuaga Katibu. Barabarani nilikutana na Baba Gladi na pikapu yake ya maziwa, nikamsihi anifuate. Nyumbani kwa Shangazi kulikuwa na kina mama wamekaa mlangoni. Walisimama kunizuia. Shangazi alifika nyuma yetu anahema, akachukua mwiko, akanipiga nao mgongoni. Mama mmoja akasema, "Huyu mtoto kichwa chake kimeharibiwa na shule." Mwingine akasema, hapana, kimeharibiwa na chama.

Hapo Mama akatokea. Sijui nani alimwita. Alikuwa peku, miguu imejaa tope. Alisimama mbele ya wifi yake, mtu ambaye hajawahi kumjibu tangu aolewe.

"Wifi, mwache apite. Huyo mle ndani nimemzaa mimi."

Nikapita. Niliingia chumba cha mzazi, mimi mwanamume, na sikuona mkosi wowote. Niliona mdogo wangu mwepesi kama gunia tupu, macho nusu wazi, anahema kama aliyepanda mlima. Nikambeba. Tulimlaza katikati ya makopo ya maziwa.

Daktari alituuliza kwa nini tumechelewa. Alipojibiwa alitoka nje kwanza, akarudi. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Jumatatu, 25 Machi

Amefumbua macho. Ameomba maji, kisha kioo.

Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ile harufu na yeye aliisikia. Alifurahi. Alidhani ndiyo hiyo sasa, imekwisha, hatadungwa tena.

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye bomba la maji hadi nilipoweza kurudi.

Jumatano, 27 Machi

Nimerudi kazini. Katibu kanisamehe utoro kwa sababu ya msiba ambao haukutokea. Ndivyo alivyosema.

Sasa sikia hili. Bwana Lishe alisimama ghalani, akawaambia watu habari za binti mmoja wa hapa Old Moshi. Alikuwa amezimia, leo anakula, anaongea. Hospitali wanajisifu, akasema, lakini waliikuta njia imeshafagiliwa na lishe. Angepelekwa bila lishe angefia njiani. Akanionyesha kwa mkono. "Kaka yake huyu hapa, muulizeni kama hayuko hai."

Watu wakanigeukia. Wanatabasamu, wananitakia heri. Wakapiga makofi kwa ajili ya dada yangu.

Na mimi? Nilitingisha kichwa kwamba ndiyo, yuko hai. Nikauliza nani anafuata mzanini.

Naiandika hapa ili niione. Nilitingisha kichwa.

Jumapili, 31 Machi

Jumapili ya Matawi. Upendo yuko nyumbani tangu jana. Anajidunga mwenyewe.

Kanisani, benchi la mbele yangu, alikaa Mwalimu Kileo, mstaafu aliyenifundisha hesabu. Ana kifua kikuu, yuko katikati ya dozi ile ndefu. Anakohoa kwenye leso. Baada ya ibada nilimwamkia, nikamuuliza anaendeleaje na vidonge. Amekwisha kuviacha. Ameongezeka kilo mbili, nilimsomea mwenyewe, sikumbuki?

Nilikuwa natazama koti lake wakati anaongea. Koti zito la sufu, limelowa. Mabuti ya mpira hadi magotini.

Nikakiona. Mungu nisamehe kwa kuchelewa, nikakiona pale pale. Mwanzoni mwa Machi palikuwa na jua, alipanda mzanini na shati na ndala. Tangu mvua ianze, wote wanaongezeka.

Jumatano, 3 Aprili

Nimefanya. Nitaandika yote kwa mpangilio kabla hofu haijayachanganya.

Ghala lilijaa, mvua inapiga bati. Mwalimu Kileo akapanda mzanini, nikatangaza. Ameongezeka tena. Makofi. Kabla hajashuka nikasema, Mwalimu, samahani, naomba uvue koti na mabuti. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. Alinishangaa, akavua. Akabaki na soksi zimetoboka. Nikamwomba mtu yeyote aje kusoma mshale, kwa sababu mimi najulikana kuwa mwizi. Watu wakacheka, ikasaidia. Akaja Baba Gladi. Akainama. Akasoma kilo. Pungufu kuliko siku ya kwanza.

Nikamwomba Mwalimu avae tena. Baba Gladi akasoma tena, kilo zimerudi.

"Mwalimu," nikasema, "umeugua na kupona mbele ya watu hawa wote, na hujala chochote."

Halafu kicheko kimoja nyuma, halafu vingine. Mwalimu hakucheka. Alikaa kwenye gunia akitazama mabuti yake.

Bwana Lishe alikuja mbele na ule mkono wake wa begani. Akasema kijana amechoka, ameuguliwa. Nikautoa mkono. Nikawaambia watu wanisikilize jambo moja tu, kisha nitakaa. Nikawaambia dada yangu hakuponywa na uji, aliuawa nusu. Nikawaambia harufu ile si ndizi. Nikaieleza kama nesi alivyotueleza, polepole, kwa Kichagga, ili bibi aliye nyuma kabisa aelewe. Nikawaambia Mama Sakina wa Chekereni anameza vidonge hadi leo, nendeni mkamuulize, atawauzia na mchele. Nikasema mtori ni chakula, nimekulia mtori, mgonjwa ale kile anachoruhusiwa na kliniki, lakini ale na dawa yake.

Kisha nikauliza. Nani humu aliacha dawa zote, akapimwa hospitali, akaambiwa amepona? Asimame.

Hakuna aliyesimama. Walichungulia wenzao. Mama mmoja alikaribia kusimama, akakaa, akasema kwa aibu kwamba vidonge vya presha anavimeza kwa siri. Mwingine akasema hata mimi. Walioacha kweli, ukimtoa Mwalimu, hawakuwamo. Nadhani kila mtu aliwaza hilo kwa wakati mmoja, maana bati tu ndilo lililosikika. Kuna fundi cherehani aliyekuwa anakaa karibu na mlango kila Jumatano. Leo nafasi yake ilikuwa wazi.

Halafu kelele. "Umelipwa na duka la dawa." "Muache aseme." "Mtoto wa juzi anatufundisha kula." Bwana Lishe alisema nimepoteza imani na ataniombea. Mifuko mingine iliuzwa. Naandika na hilo, kwa sababu ni kweli. Watu walinunua mbele ya macho yangu, baada ya yote hayo.

Lakini Mwalimu Kileo alinisubiri nje kwenye mvua. Aliniuliza kama wakimkuta ameacha dozi katikati watamfukuza kliniki. Nikamwambia hawatamfukuza. Watamfokea tu. Akasema kufokewa anakujua, amefokea miaka yote.

Nimefika nyumbani nimelowa.

Alhamisi, 4 Aprili

Kazi imekwisha. Katibu hakukohoa wala nini. Alisema chama hakina kahawa, na mimi namfukuzia wapangaji. Nikakabidhi funguo na jiwe la kukagulia mzani. Alionekana kama anataka kusema jambo jingine. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza, bila kunitazama, kisukari cha ukubwani kinaanzaje. Mkewe amekuwa akinywa maji sana.

Nikamwambia ampeleke akapimwe. Kesho ni Ijumaa Kuu, nikasema, basi Jumanne asubuhi asikose.

Nina hasira naye bado. Na nilimwelekeza vizuri.

Jumatatu, 8 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Mvua nyembamba. Mama anapika, Upendo anapepeta mchele, nimekaa jikoni naandika mbele yao. Hawajauliza ninaandika nini.

Mwalimu Kileo amerudi kliniki. Wamemfokea, ameanza upya. Yule fundi cherehani tulimzika Jumamosi. Alikuwa na sukari ya sindano kama Upendo. Nimekwenda kutupa udongo. Mkewe aliniuliza kama harufu ya ndizi aliyoisikia kwa mumewe mwishoni ndiyo ile niliyoisema. Alijua jibu. Nilishika mkono wake tu.

Bwana Lishe hatakuwa ghalani wiki hii. Wanasema amehamia upande mwingine wa mlima. Huko nako kuna maghala matupu.

Shangazi alikuja jana na kikapu cha mayai, akakiweka kizingitini. Hakuingia. Upendo alimfuata hadi migombani, wakasimama pamoja kitambo.

Tangu Ijumaa watu wanakuja. Wanapita nyuma, wanasema wamekuja kuazima shoka, kisha wanauliza. Mimi si daktari. Ninachojua ni kidogo, na kidogo hicho nakitoa, kisha nawasindikiza kliniki mwenyewe kama wanaogopa. Muda ninao.

Kwa hiyo, wewe uliyelifungua daftari hili. Usilifunge tena. Msomee yeyote. Kama kuna mtu kwenu ameachishwa sindano au vidonge, panda na barabara ya kanisa hadi mfereji unapokatiza njia. Vuka mfereji, shika kushoto penye migomba iliyoinamia njia, nyumba ya bati la kutu. Mlango wa mbele hubana wakati wa mvua, zunguka jikoni. Uliza Elinami. Nisipokuwepo, Upendo yupo, na anajua kuliko mimi. Usije kwanza kuuliza kisha urudi kumchukua. Njoo naye.